Barua ya wazi: Tripu kumi na saba za majitaka zilikwenda wapi?

Kwa: Waheshimiwa wote wenye dhamana ya mazingira, maji, afya na utalii, Unguja
Nakala: Masheha wa pwani ya mashariki, wenye kambi za mahema, na waandaaji wa matamasha ya ufukweni

YAH: MAJITAKA YA MATAMASHA NA KAMBI ZA UFUKWENI

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Tafadhalini husikeni na mada iliyotajwa hapo juu.

Mimi ni dereva wa gari la kunyonya makaro. Huu ni mwaka wa kumi na moja nafanya kazi hii na sioni haya kuitaja, ingawa nikipita barabarani watoto wa skuli huziba pua kwa mkono mmoja na kunipungia kwa mwingine. Gari langu lina tangi la lita 6,000, pampu moja na mipira minne ya kuunganisha. Nalijua karo la kila nyumba ya wageni kuanzia kijijini kwetu hadi vijiji vitatu mbele. Najua lipi lina sakafu, lipi halina, na lipi limepandiwa maua juu ili mgeni asijue amekaa kwenye nini anapokunywa dafu lake.

Sikutaka kuandika hadharani. Nilianza kwa sheha wangu, akanisikiliza vizuri, akanielekeza wilayani. Wilayani nikaambiwa niandike. Nikaandika barua tatu, zote zikapigwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninazo. Majibu niliyoyapata yote ni ya mdomo: "Tunalifanyia kazi." Mara ya tatu nikaulizwa nimetumwa na nani. Sijatumwa na mtu. Kilichonisukuma ni hesabu moja ndogo ambayo hata mtoto wa darasa la tano anaiweza.

Msimu huu wa kusi palikuwa na tamasha la muziki hapa pwani, siku tatu mchana na usiku, jukwaa likiwa ufukweni na mahema ya kulala yakiwa nyuma, chini ya minazi. Jina lake silitaji, wala la mwenye kambi, maana haya yanatokea kwingi na sipendi mmoja abebeshwe mzigo wa wengi. Mwandaaji alijisifu kwenye kipaza sauti kwamba wamefika watu elfu mbili. Na tumwamini. Mtu mzima hukojoa kama lita moja na nusu kwa siku. Watu elfu mbili kwa siku tatu, hizo ni lita 9,000, na hapo hatujagusa haja kubwa, bafu, jiko, wala ndoo za barafu zinazomwagwa nyuma ya baa. Bafu la kawaida hutoa lita nane hadi kumi kwa dakika, na mtu aliyetoka baharini na chumvi na mchanga mwilini haogi dakika moja akatoka.

Basi nikakadiria kwa ubahili. Nikasema kila mmoja atatoa lita 20 kwa siku, choo, kuoga, kupika na kuosha vyombo vyote humo humo. Ni ndoo moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani yetu hii hii ya mashariki ulikuta mgeni mmoja hutumia wastani wa lita 685 kwa siku, bustani na bwawa la kuogelea vikiwemo, kwa hiyo ndoo yangu moja hakuna atakayeiita uchochezi. Lita 20 mara watu 2,000 mara siku tatu ni lita 120,000. Zigawe kwa tangi langu. Ni tripu 20.

Niliitwa tripu tatu.

Pengine liliitwa gari jingine? Magari ya kazi hii upande wetu ni machache mno, tunajuana kwa honi. Niliwauliza wenzangu mmoja mmoja. Hakuna aliyekwenda. Kwa hiyo tripu kumi na saba, lita 102,000, hazikupita barabarani. Mimi nilikuwepo, na zilikokwenda naweza kuwaambia.

1. Makaro yasiyojaa

Mwenye kambi akitaka nimsifu kwa ujenzi wake huniambia: "Hili karo langu mwaka wa nane, halijawahi kujaa." Hulisema hilo kwa fahari, kama mtu anayesifu ng'ombe wake wa maziwa. Mimi moyo hunishuka. Chombo unachokitia kila siku kwa miaka minane kisijae, kimetoboka. Na kwetu mara nyingi hakikutoboka kwa bahati mbaya. Kimejengwa hivyo: ukuta wa matofali pande nne, mfuniko wa zege juu, na chini hakuna kitu, ni jiwe tupu. Fundi anaokoa saruji, mwenye kambi anaokoa bei ya gari langu, na kila mtu anasema kazi imekwisha.

Jiwe lenyewe mnalijua. Upande wa magharibi wa kisiwa wenzetu wana udongo, wanachimba mpaka jembe linapotea. Sisi wa maweni udongo wetu ni wa kuchota kwa kiganja, na chini yake ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe, yamejaa matundu, nyufa na mapango. Mvua ya masika haisimami kwetu, inazama hapo hapo. Tunamshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu ndiyo maji tunayoyakuta visimani, yakielea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Lakini mlango uliopitisha mvua unapitisha na karo.

Asiyeamini na afanye jaribio nilifanyalo mimi. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kukupwa kupita kawaida, fungua chemba ya karo lililo karibu na ufukwe saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Tia fito, weka alama. Rudi saa kumi jioni, bahari ikiwa imejaa. Nimekuta alama imepandiwa kwa zaidi ya shibiri mbili, na hakuna aliyevuta choo mchana kutwa kwa sababu kambi ilikuwa haina wageni. Karo lile linapanda na kushuka na bahari. Mara mbili kwa siku bahari inaingia kwa chini, inakoroga, inatoka na chake. Hilo sikulisoma popote. Nimelipima kwa fito ya mwanzi, na nimelipima katika makaro manne.

Kwenye semina moja ya siku mbili tulifundishwa miongozo ya Sphere, ile inayotumiwa kwenye kambi za wakimbizi na majanga. Inasema choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na kitako cha shimo kiwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Kisha inaongeza kwamba penye miamba yenye nyufa au mawe ya chokaa umbali huo uzidishwe. Yaani hata mkimbizi aliyefika jana na mkeka mgongoni anawekewa sharti la jiwe la chokaa. Kijiji kizima kilichokaa juu ya chokaa, ambacho wageni wake wanalipa kwa dola, hakiwekewi.

2. Maji ya sabuni yanayoitwa "maji tu"

Hapa ndipo zilikokwenda nyingi katika zile kumi na saba. Waandaaji wengi, ukiwauliza majitaka, wanakuelekeza chooni. Maji ya bafu, ya jikoni na ya kuosha vyombo hawayahesabu kabisa. "Hayo ni maji tu, kaka." Nimeona bomba la bafu za nje likiwa limefukiwa mchangani kina cha kidole, mdomo wake ukielekea baharini. Nimeona nyuma ya jiko handaki lililochimbwa kwa jembe na kufunikwa makuti, na mafuta ya kukaangia yamegandamana ukingoni, meupe, kunguru wanayadonoa.

Maji hayo yana sabuni, yana mafuta, yana mabaki ya samaki na kuku. Yana vijidudu pia, maana aliyeharisha usiku ndiye anayeoga asubuhi.

Niseme na la wauza vyakula, kwa sababu najua ndio watakaosukumiwa lawama. Wale mama wa urojo na vijana wa mishikaki na chipsi ni ndugu zetu. Wanalipia meza kwa mwandaaji, na meza hiyo haina bomba, haina pipa, haina pa kumwaga. Ulitaka maji ya kuoshea sahani wayanywe? Aliyepokea fedha ya meza ndiye aliyepaswa kuweka pipa.

Na isisemwe kwamba jambo hili haliwezekani mahali pasipo na mtaro. Nikiwa kwenye foleni ya kumwaga husoma simu, kazi yangu ina kusubiri kwingi. Huko Nevada, Marekani, kuna mkusanyiko wa kila mwaka uitwao Burning Man, watu kama elfu sabini katikati ya jangwa, hakuna bomba wala karo. Sharti lao ni kwamba maji ya kuogea na kuoshea vyombo hayamwagwi chini, kila kambi inayabeba na kuondoka nayo. Jangwani! Mahali ambapo ungedhani ndoo moja ya maji ya sabuni hata mjusi asingeilalamikia.

3. Dawa ya buluu

Vyoo vya plastiki vya kukodi vina dawa ya buluu ya kuua harufu na vijidudu. Haina ubaya ikibaki ndani ya tangi lake na ikaondoka na gari. Ubaya ni pale mtu wa usafi anapoambiwa amwage choo hicho kwenye karo la kambi. Karo linafanya kazi kwa vijidudu vinavyoozesha uchafu, na dawa hiyo haichagui vya kuua. Mwezi mzima baadaye karo linatoka kama lilivyoingia. Nalijua kwa harufu. Mtu wa kazi yangu hujua.

4. Kisima na mwani

Mkwe wangu, Mungu amzidishie umri, ana kisima cha mawe alichochimbiwa na mumewe. Siku ya tatu baada ya tamasha alivuta ndoo ya kufulia, ikatoka na povu kabla hajatia sabuni. Akacheka. Akasema, "Leo kisima kimenianzia kazi." Tulicheka naye. Usiku sikulala, maana katika nyumba ile wajukuu watano wanakunywa kisima hicho hicho maji ya mfereji yanapokatika, na hukatika zaidi msimu wa wageni kuliko wakati mwingine wowote. Sasa anachemsha, na kuni za kuchemshia anazitafuta mwenyewe.

Hatuzungumzii kitu kigeni. Kipindupindu tunakijua Zanzibar tangu mwaka 1978. Mwaka 2009 baadhi ya shehia za Unguja na Pemba zilipewa chanjo ya kunywa. Mwaka 2018 ulianza mpango wa miaka kumi wa kukitokomeza kabisa, nao ni mpango mzuri, umeshuka hadi vijijini na mabango yake nimeyaona: nawa mikono, chemsha maji, tumia choo. Ni haki kutuambia hivyo. Ila bango la "chemsha maji" limebandikwa mita mia moja kutoka kwenye karo lisilo na kitako, na karo hilo halina bango.

Mke wangu analima mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara hapa pwani ya mashariki mwaka 1989, yeye akiwa mtoto akimfuata mama yake na kamba kichwani, na hadi leo wakulima wengi ni wanawake. Sitaki kusema uongo kwa ajili ya kushinda hoja: kotonii, ule mwani wa bei nzuri, umekuwa ukifa miaka mingi kwa sababu ya joto la bahari, na hilo halina uhusiano na karo la mtu yeyote. Nisemalo ni kwamba choo ni mbolea. Mbolea ikiingia kwenye maji ya kina kifupi hulisha majani yale tusiyoyataka, ambayo huota haraka kuliko mwani, huzonga kamba na hufunika matumbawe. Wanawake wenye mashamba mbele ya kambi wanasugua utando wa kijani kwa mkono kamba moja moja. Wenye mashamba mbali na kambi hawasugui. Ningependa mtaalamu aje apime aniambie kama nimekosea. Tumemwomba katika barua zote tatu.

5. Mimi mwenyewe

Hapa nilisita. Kijana wangu alisema niache. Lakini nikiwashitaki wengine nikajificha mwenyewe, barua hii haina thamani.

Mahali tulipoelekezwa kumwaga ni mbali na pwani yetu. Kwenda, foleni na kurudi ni saa tatu hadi nne, na dizeli nanunua mimi. Tamasha moja la miaka ya nyuma, usiku wa pili, makaro yakiwa yamefurika, mwandaaji alinijia na noti mkononi. "Kaka, kwani lazima uende huko kote? Msitu si huo." Akanipa nusu ya bei. Nikaenda kwenye chimbo la zamani la mawe, nikazima taa, nikafungua valvu. Tangi la lita 6,000 humalizika kwa dakika chache. Nilitegemea asubuhi kukuta dimbwi. Nilipopita alfajiri chimbo lilikuwa kavu, nzi tu. Nilifurahi, Waheshimiwa. Nilifurahi kwamba hakuna ushahidi. Wiki zilipita ndipo nikajiuliza maji yale yamekwenda wapi.

Nilirudia mara moja zaidi, kisha nikaacha. Kisima cha mkwe wangu kiko upande wa pwani wa chimbo lile, hatua kama mia tatu. Siwezi kuapa kwamba ni mimi. Wala siwezi kuapa kwamba si mimi, na hayo nimemwambia mwenyewe kwa kinywa changu kabla ya kuyaandika hapa.

Nikihitajika kulipa faini nitalipa. Nikihitajika kuwa shahidi nitakuja. Chimbo nitawaonyesha.

Sasa naomba nijibu mapema majibu ambayo nimeshayasikia.

"Tamasha ni la siku tatu tu." Karo la kambi ile lilijengwa kwa vyumba kumi na viwili. Kwa siku tatu likatumiwa na watu elfu mbili. Siku tatu za namna hiyo si ndogo kwa jiwe lenye matundu. Na kambi za mahema hazifungi baada ya tamasha, ziko mwaka mzima.

"Bahari ni kubwa." Kubwa iko nje ya mwamba. Ndani ya mwamba, maji yakikupwa, mwanamke anatembea kilomita nzima maji yakimfika kwenye goti, na kile kilichomwagwa ufukweni anatembea nacho. Hapo ndipo kwenye mashamba, pweza, chaza, na watoto wanaojifunza kuogelea.

"Mtaua ajira." Mimi nakula kwa wageni. Ada za wanangu zimetoka kwenye makaro ya wageni. Mwaka 2023 walikuja Zanzibar zaidi ya laki sita, na kila mmoja wao ni mteja wangu kwa namna yake. Sitaki tamasha lifutwe. Huko Uingereza, tamasha kubwa la Glastonbury, linalofanyika kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, mwaka 2014 tangi lake lilivuja kinyesi kikaingia mtoni, samaki kama arobaini wakafa. Mwaka 2016 lilifikishwa mahakamani, na faini pamoja na gharama za kesi zikafika pauni 31,000. Tamasha halikufa. Watu wanaendelea kujaa pale kwa malaki. Mwaka 2019 watafiti wakapima tena mto ule na wakakuta dawa za kulevya ndani ya maji, kutokana na watu kukojoa ovyo shambani, kwa kiwango kinachoweza kudhuru mikunga. Nimelitaja hili ili muone kwamba wenzetu wanapima hata baada ya kutoza faini. Sisi hata kabla yake hatujapima.

"Hata nyinyi wenyeji mnachafua." Kweli. Zipo nyumba kijijini zisizo na choo, na wapo wanaokwenda pwani alfajiri. Ni aibu yetu na kamati ya shehia inalisimamia, nyumba kwa nyumba, kwa michango ya kuchangishana. Lakini mzee mmoja na kata yake ya maji hawezi kuwekwa kwenye mizani moja na lita 102,000, na mwenye mizani anajua.

"Haiwezekani kusimamia ufukwe wote." Mwaka 2006 Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Watu walicheka, wakasema haiwezekani. Bara walitufuata tarehe 1 Juni 2019. Mfuko ni mwepesi, unaingia mfukoni, unafichika. Gari la majitaka halifichiki. Ni kitu rahisi zaidi kukihesabu katika kisiwa hiki.

Na ndilo ombi langu la kwanza na kubwa, mkiyakataa mengine yote: hesabuni magari. Kibali cha tamasha leo kinauliza watu wangapi wataingia, muziki utazimwa saa ngapi, ulinzi ni wa nani. Kiulize pia majitaka ni lita ngapi na yatatoka kwa tripu ngapi. Mwandaaji aweke amana ya fedha kabla ya jukwaa kusimamishwa. Kila tripu ipate stakabadhi ya mahali pa kumwaga, yenye namba ya gari, saa na lita. Baada ya tamasha alete stakabadhi, arudishiwe amana. Zikipungua, amana ipungue kwa kiasi hicho hicho, na fedha hiyo iende kwenye visima vya shehia. Sheria ipo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015. Siombi sheria mpya, naomba karatasi moja iongezwe kwenye jalada.

Pili, kwa siku za tamasha matangi yawe juu ya ardhi na yafungwe, ya choo na ya sabuni. Karo la kambi lisitumike kwa umati. Wauza vyakula wawekewe mapipa na mtego wa mafuta, bila kuongezewa bei ya meza.

Tatu, makaro yote ya kambi zilizo karibu na ufukwe yajaribiwe wakati wa bamvua kwa njia ya fito niliyoieleza, au kwa njia bora zaidi ya kitaalamu kama ipo. Linalopanda na bahari lifungwe mpaka litiwe sakafu. Wapeni muda, miezi sita inatosha. Mafundi wapo, na tunawajua.

Nne, tuwekeeni mahali pa kumwaga upande huu wa mashariki. Hili nalisema kama dereva. Mkituwekea faini bila kutuwekea mahali, machimbo yatapata wateja zaidi, usiku, taa zikiwa zimezimwa.

Visima vipimwe wiki moja kabla ya tamasha na wiki moja baada, matokeo yabandikwe kwa sheha kwa Kiswahili, namba na maana yake. Mkwe wangu hasomi, lakini wajukuu wanasoma.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku thelathini. La mdomo ninalo tayari.

Kwa anayetaka kuona kabla ya kujibu, mwenye kambi mmoja, muungwana, amekubali tufungue chemba yake bamvua linalokuja, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Mkutane nami mbele ya msikiti wa ufukweni saa nne asubuhi, kisha tena saa kumi jioni. Njooni na viatu vya mvua. Fito ya kupimia nitakuja nayo mimi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Dereva wa gari la karo,
Pwani ya mashariki, Unguja.
(Jina langu na namba ya gari mnavyo, vimo ndani ya zile barua tatu.)